Mama Seline Nyar Port, na Sauti Waliyoikata

Mwaka umezunguka, Mama, tangu ulipotuacha hapa Migosi, Kisumu, na cherehani yako ikiwa bado imeshika sare ya mtoto wa jirani. Debra binti yako ndiye aliyeimaliza. Mkono mmoja umekaa vizuri kuliko mwingine, na mtaa mzima unajua upi ni wako.

Sisi wanao tunakuandikia wewe, lakini tunajua wengine watasoma juu ya bega lako. Turuhusu basi tuwaeleze mambo ambayo wewe huna haja ya kuelezwa.

Ulikuwa fundi wa sare pale sokoni Kibuye, na hakuna mzazi aliyewahi kukushawishi utie uzi hafifu. "Mtoto atacheza," ulikuwa ukisema, "na nguo lazima icheze naye." Kila Januari ulishona sare kadhaa ambazo hakuna aliyeziagiza, ukaziweka chini ya meza. Mama mmoja akija kuulizia tu bei huku ameinamisha macho, uliinama ukatoa moja, ukamwambia kuna mteja aliyekosea vipimo. Hao wateja wa kukosea vipimo walikuwa wengi ajabu.

Na ulikuwa na santuri zako. Zilisimama rafuni kama vitabu, kamwe hazikulazwa, kwa sababu santuri ikilazwa hujipinda. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa uso wake. Ulituzoeza kuishika kwa ukingo na viganja viwili. Mgeni akitoka ziwani ulimuuliza kabla hajakaa, "Umekula nini?"

"Omena, Mama."

"Nawa tena mafuta ya samaki. Kwa sabuni."

Hata mchungaji alinawa tena, na akacheka.

Katika santuri zote hizo, moja ilikuwa ya Baba. Owiti wako alipiga gitaa la pili katika bendi ya vijana wa Usenge, na bendi hiyo ilitoa santuri moja tu maishani mwake, ndogo, wimbo mmoja uliogawanywa pande mbili. Upande wa kwanza ulipoishia, uliigeuza, na upande wa pili ulianza kwa pakruok.

Wasio Wajaluo huenda hawajui. Gitaa hushushwa, mtu akasimama akajisifu, au akamsifu ampendaye, jina lake na kwao, mbele ya watu wote. Si maongezi ya pembeni. Wako wanaokwenda dansini kwa ajili ya hayo tu. Na katika santuri ile aliyesimama alikuwa Baba, na aliyesifiwa ulikuwa wewe, nyar Port, binti wa Port Victoria.

Baba alifariki Sheryl, kitinda mimba wako, akiwa bado mgongoni. Mark na Debra, wakubwa wake, wanaikumbuka sauti ya Baba. Sheryl hana hata neno moja. Wewe uliirudia ile pakruok mno, Mama. Kila ulipomkosa Baba uliinua sindano ukairudisha palepale, mwaka baada ya mwaka, mpaka mahali hapo pakalika. Sheryl alipofikia umri wa kusikiliza, wimbo ulisikika wote, lakini mahali pa Baba palikuwa na mkwaruzo tu, kama mvua juu ya mabati. Alikaa karibu na spika akiwa na sare ya darasa la pili na kuuliza, "Anasema nini sasa?" Ulimwambia maneno. Sauti hukuweza kumpa.

Kwa hiyo tuliposikia kwamba kampuni moja ya ng'ambo imenunua kanda za zamani na inatoa upya nyimbo za Ziwa kwa santuri mpya, nawe ukaona jina la bendi ya Baba kwenye jalada, uliimba siku nzima. Uliagiza. Ilipofika uliwaita majirani, ukaandaa chai na mandazi, na Sheryl akaja kutoka chuoni.

Tutasema ukweli kuhusu santuri ile, kwa sababu magazeti yameisifu na waliosifu huenda waliangalia jalada tu. Tundu la katikati halikutobolewa katikati. Santuri ilikwenda upande na kurudi kila ilipozunguka, na gitaa la Baba likapanda na kushuka kama mtu anayetembea amelewa. Plastiki ilikuwa na uchafu ndani, si vumbi la kufuta, uchafu uliochapwa pamoja nayo. Santuri nzito, ya kung'aa, jalada la kifahari lenye picha ya mitumbwi ya mahali ambapo hata si Usenge.

Hayo yote ungeweza kuyavumilia. Uliyavumilia, tulikuona, umeinamisha kichwa ukingoja. Wimbo ukafika pale pa kugeuza upande. Walikuwa wameziunganisha pande zote mbili ziwe moja. Gitaa la upande wa kwanza likaingia moja kwa moja katika gitaa la upande wa pili, na katikati hapakuwa na mtu.

Uliinua sindano, ukarudisha. Ukarudisha tena. Majirani wakaweka vikombe chini.

"Wamemtoa," ulisema.

Kesho yake ulimpigia wakala wao hapa Kisumu, kijana aitwaye Dishon, na simu ukaiweka kwa sauti ili sisi tusikie.

"Mama, pale palikuwa na watu wanaongea tu," alisema. "Muziki umesimama, watu wanaongea. Wakapasafisha."

"Wakapasafisha."

"Eeh. Mnunuzi wa huko anataka wimbo uende mfululizo."

"Kijana, kwenu ni wapi?"

"Alego, Mama."

"Mtu wa Alego, Mjaluo kamili. Ukaona wanakata pakruok, ukanyamaza."

"Mimi ni wakala tu."

"Basi mwambie aliyekutuma kwamba huyo mliyemsafisha ana mke, na mke yuko hai."

Miezi michache baadaye hukuwa hai. Hatusemi ni santuri iliyokuua. Ni presha, na daktari alitueleza vizuri. Lakini tunasema hivi, na tunataka wasome: mwanamke alingoja miaka kumsikia mume wake, na watu waliokuwa naye mkononi walimfagia kama taka, kisha wakaweka kwenye jalada kwamba wanahifadhi urithi wetu. Urithi wa nani unahifadhiwa kwa kumkata mwenye nao?

Baada ya mazishi, Sheryl aliikamata kazi ya kumrudisha Baba kwenye santuri. Unajua alivyo, anaamini kwamba mtu akielezwa vizuri atatenda haki. Mark alimwambia, "Wewe umesoma lakini hujazoea dunia," naye akajibu kwamba dunia ndiyo haijamzoea. Aliwaandikia. Hawakujibu. Akaandika tena, akaenda ofisini kwa Dishon, akakaa kwenye benchi lake mpaka Dishon akaanza kumletea chai. Tumshukuru Dishon kwa jambo moja: ni yeye aliyemwambia kwamba kanda ya kwanza ya studio ni nzima, na pakruok imo ndani yake, haijaguswa. Waliikata wakati wa kuchapa tu.

Kutoka hapo Sheryl hakulala njiani. Mwishowe walikubali. Toleo la pili lingechapwa, na Baba angerudishwa mahali pake, ila familia ithibitishe kwanza santuri ya majaribio. Wakaahidi kwamba tukithibitisha mapema, santuri zenyewe zingefika kabla ya siku yako ya kumbukumbu.

Ile ya majaribio ilifika mwezi uliopita, ndani ya bahasha nyeupe isiyo na jalada. Jumapili baada ya kanisa tulikaa sebuleni kwako. Sheryl aliishika kwa ukingo. Sindano ikashuka, gitaa likaenda, likashushwa, na mwanamume akasema, kwa Kijaluo:

"Shusheni gitaa kidogo. Mimi Owiti namsifu Seline, nyar Port Victoria, aliyevuka maji akanikuta sina kitu, akakaa. Wanaouliza aliona nini, wamuulize mwenyewe."

Debra alijifunika uso kwa leso. Sheryl hakusogea. Maneno aliyajua, ulimfundisha yote, na sasa yalikuwa na mdomo.

Lakini mkono wa sindano ulikuwa ukiyumba, Mama. Tuliuona sote. Tundu lilikuwa tena si katikati, na sauti ilipanda na kushuka. Tena ilikuwa nyembamba, ya haraka, kama ya kijana anayetafuta ruhusa ya kutoka darasani. Gitaa lenyewe lilikuwa juu kuliko la santuri yako ya zamani. Mashine yao ya kanda ilikuwa imekimbia.

"Ni yeye," Debra alisema. "Jamani, ni yeye. Wacheni tukubali."

Sheryl alimgeukia Mark. "Ndivyo alivyokuwa akiongea?"

Mark alijifanya kutafuta funguo zake.

"Mark. Mimi simjui. Wewe unamjua. Ndivyo?"

"Hapana," Mark alisema. "Baba alikuwa na sauti ya chini. Ilikuwa ukiisikia hata chumba kingine, kifua kinatetemeka. Huyu ni kama mdogo wake." Kisha akaongeza kwa upole, "Lakini Sheryl, umengoja sana. Chukua hii."

Tunataka ujue kwamba alitaka kuichukua. Alikaa nayo juma zima. Akawaza watoto wa Mark, ambao watakua wakidhani huyo ndiye babu yao, kijana wa sauti nyembamba anayeyumba, na hakutakuwa na mtu wa kuwaambia sivyo. Ijumaa akampigia Dishon.

"Ichapeni upya."

"Dada yangu, wewe ni mgumu. Pakruok si imerudi?"

"Maneno yamerudi. Yeye bado."

"Hakuna mtu atakayesikia tofauti hiyo. Watu wananunua hizi kuweka ukutani."

"Sisi tutasikia."

"Hazitafika kabla ya kumbukumbu ya Mama. Nakuambia ukweli, huenda zisifike kabisa. Hawa watu wakichoka wanaacha."

"Basi waache wakiwa wamekosea. Sitatia sahihi ili wawe wamekosea kwa ruhusa yetu."

Dishon, mtu wa Alego, akasema, "Nitawaambia hivyohivyo."

Kwa hiyo Jumamosi hii, baada ya ibada nyumbani Usenge, hapatakuwa na santuri mpya. Waliotuambia tunajisumbua kwa kitundu kilichohama kidogo, tunawakaribisha waje wale nasi, lakini wasituambie tena. Walionunua lile toleo la kwanza, hatuwaombi walitupe. Tunawaomba wajue kwamba katikati ya wimbo ule kuna mtu aliyeondolewa, na kwamba mwenyewe hakuulizwa, wala mke wake, wala watoto wake. Na kampuni, kama inatusoma: kanda mnayo, ni nzima, na mashine ni yenu. Toboeni katikati. Endesheni kwa mwendo wake. Hatuombi fadhila.

Sheryl sasa anaamka asubuhi, anafungua simu kuona kama wamejibu, kisha anakwenda Kibuye kukaa na Debra kwenye cherehani kabla ya kuzunguka na vyeti vyake kutafuta kazi. Santuri ya majaribio ameirudisha. Angeweza kubaki nayo kisirisiri, aisikilize peke yake. Hakuna ambaye angemlaumu. Hakubaki nayo. Sauti ya baba yake bado haijui, Mama, na amechagua kutoijua mpaka iwe ya Baba kweli.

Unakumbukwa na wanao Mark, Debra na Sheryl; mkaza mwanao Lorine na wajukuu; kaka yako Wakhisi na ndugu wote wa Port Victoria; familia ya marehemu Owiti, Usenge; majirani wa Migosi na mafundi wenzako wa Kibuye.

Pumzika, Mama. Siku zote tutakuwa tukikutaja.