Dakika Mbili za Mlangoni

Jumatatu, 24 Februari

Imethibitishwa. Jumatano ijayo, Springfield, makao makuu ya jimbo, mbele ya kamati ya seneti ya jimbo — na anayetoa ushuhuda ni mimi! Ronen alipiga simu sijavua hata koti. Ronen ni mkurugenzi wa Mtandao wetu wa vijana wanaolinda masinagogi, na hana muda wa salamu. Anasema muswada umepungukiwa kura mbili, na kura hizo hazitapatikana kwa takwimu. Zitapatikana kwa hadithi yangu.

Muswada wenyewe ni rahisi. Jimbo lilipie walinzi kwenye nyumba za ibada zisizo na uwezo. Sinagogi letu halina uwezo. Ndiyo maana sisi vijana tunashika zamu mlangoni kila Sabato: wanasheria, wahasibu, mimi mfamasia. Hakuna hata mmoja wetu aliyepigana na mtu tangu shule ya msingi.

Hadithi yangu nimeisema mara ngapi sasa? Kumi na nne, kumi na tano. Kwenye Mtandao tunafundishwa: dakika mbili, anza na mlango. Basi naanza na mlango. Juni mwaka jana, Sabato asubuhi, jua kali. Mwanamume kavaa koti refu la mvua, limetuna kifuani. Habonyezi kengele. Anagonga kwa ngumi. Namsemesha kwa spika, hajibu. Anainua uso kwenye kamera, anagonga tena. Ndani kuna watu sabini, ishirini kati yao watoto. Nafunga komeo la pili, naita polisi. Hapo nanyamaza sekunde tatu. Kunyamaza nilifundishwa na Ronen.

Polisi walimchukua. Baadaye walituambia hakuwa na silaha. Sehemu hiyo haimo kwenye dakika mbili.

Mira, mwenzangu wa zamu, anasema mwezi wa tano uenyekiti wa Mtandao ni wangu, yeye keshajitoa, anataka tu aachiwe kuchagua chakula cha sherehe. Nimefurahi. Niandike hivyo hivyo: nimefurahi sana.

Jumanne, 25 Februari

Mazoezi. Dakika mbili na sekunde nane. Ronen: punguza watoto, ongeza ngumi.

Alhamisi, 27 Februari

Naandika kabla ya kufanya lolote.

Saa tano asubuhi kaja mzee mmoja dukani kuchukua dawa za presha. Kofia nyeusi, ndevu nyeupe, mguu wa kushoto anauburuta. Nikamtazama usoni — ndiye. Uso wa kwenye kamera. Mkanda ule nimeutazama mpaka nimeukariri. Yeye hanijui. Siku ile alichokiona ni mlango tu.

Pembeni ya mashine ya malipo nimebandika tangazo la Mtandao. Akalisoma polepole. Akauliza kama na mimi ni wa lile sinagogi la mtaa wa pili.

"Ndiyo, mzee."

"Watu wazuri?"

"Wazuri."

"Haya. Mimi waliniitia polisi."

Hakupandisha sauti. Alisimulia kama mtu anayesimulia foleni ya benki. Ilikuwa siku ya kumbukumbu ya kifo cha mama yake. Sinagogi lake liko mbali, Sabato hapandi gari, na mguu ulikuwa umevimba. Akaona aende kwa majirani, apate watu kumi ambao sala hiyo inawataka, amsomee mama sala ya marehemu, arudi zake. Shali ya sala aliivaa ndani ya koti, maana Sabato habebi kitu mkononi barabarani, na shali ikionekana kuna vijana huwa wanamtupia chupa kutoka kwenye magari. Kengele ni ya umeme, hakuigusa. Spika ni ya umeme, hakujibu. "Nikagonga," akasema. "Ningefanya nini kingine?"

Najua haya yote! Babu yangu hakuwa akigusa swichi kuanzia Ijumaa jua likizama. Swichi ya taa ya chooni kwao ilibandikwa plasta ili mtu asijisahau. Nilikuwa najua, na sikufikiri hata sekunde moja.

Walimlaza kifudifudi kwenye lami. Wakamvua shali wakitafuta bomu. Walipomwachia ilikuwa jioni, na sala ilikuwa imempita.

Na mimi nikasema nini? Nikamwambia dawa ya kwanza anywe na chakula, ya pili haijafika, arudi Jumapili. Basi, hayo tu. Akaniambia asante.

Ijumaa, 28 Februari

Nimemweleza Ronen. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

Akaniuliza: kuna neno lolote la uongo kwenye hadithi? Hakuna. Niliogopa kweli? Niliogopa. Je, kama angekuwa mtu mwingine, mwenye silaha kweli? Akasema nyuma ya muswada kuna masinagogi thelathini na moja, misikiti miwili na kanisa la watu weusi lililochomwa moto mlango. "Wewe ukisimama ukasema yule mtu alikuwa mzee wetu wenyewe, maseneta watasema tatizo letu ni sisi. Watatucheka, dada, kisha watapiga kura ya hapana. Kura ikipita, Alhamisi nenda ukamwombe radhi mpaka uchoke. Nitakusindikiza."

Kinachoniuma ni kwamba hajakosea. Mishumaa ya Sabato nimeiwasha kwa kuchelewa, nimekaa naitazama tu.

Jumapili, 2 Machi

Alikuja saa nne. Dawa ilikuwa imefika. Sikumpa kwanza. Nikamwambia: mzee, aliyefunga mlango ule ni mimi.

Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Wewe?" akasema. "Nilidhani ni jitu kubwa."

Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kulia, nikashindwa hata hilo. Akauliza hadithi hii nimewasimulia watu wangapi. Nikasema labda mia tatu.

"Na msamaha unauomba mbele ya nani, binti?"

Nikageuka. Nyuma yangu rafu ya dawa za kikohozi.

"Ungenifungia mlango tu, ningekusamehe hapa hapa, tukaishia hapo. Mtu akiogopa anafunga. Hata mimi lile koti nalivaa kwa woga. Lakini umenizungusha mji mzima nikiwa muuaji. Hao mia tatu nani atawaambia?"

Nikamweleza kuhusu Jumatano, na kura mbili. Nikamuuliza kama anataka muswada uanguke.

"Nani kakwambia sitaki mlinzi? Kwetu vioo vimevunjwa mara mbili. Mlinzi namtaka. Namtaka anayejua Myahudi anavyogonga mlango siku ya Sabato."

"Nikisema yote, muswada unaweza kuanguka."

"Unaweza," akasema. Nikampa dawa yake. Akaitia mfukoni. Alipofika mlangoni akageuka: "Naitwa Menashe Horenstein. Kwenye hadithi yako sina jina."

Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Jumatatu, 3 Machi

Sijala. Mira kapiga simu, Ronen kamwambia kila kitu. Ushauri wake: ugua. Homa ya siku moja tu, mfamasia hakosi homa. Atasoma yeye, hadithi yangu anaijua kuliko ninavyoijua mimi. Nilicheka, halafu nikaacha. Nilikuwa nimeanza kuifikiria kweli ile homa.

Jumatano, 5 Machi

Springfield. Benchi la korido, nje ya chumba cha kamati. Tulitoka Chicago kwa basi saa kumi na moja alfajiri, vijana arobaini na suti zetu, mikate ya beigeli mikononi, wote wananipigapiga mgongoni. Leo ni leo, bosi!

Mimi ni wa tano kwenye orodha. Sasa hivi anaongea wa tatu, imamu kutoka Peoria. Sauti yake inasikika hadi huku, anazungumza vizuri.

Karatasi yangu nimeiandika upya ndani ya basi. Bado inaanza na mlango. Sentensi ya pili ni: Mtu huyo anaitwa Menashe Horenstein, na alikuja kumsomea mama yake sala. Nilimpigia jana, kwa namba aliyoniachia mwenyewe Jumapili, nikamuuliza kama naruhusiwa kulitaja jina. Akasema litaje vizuri.

Ronen kaisoma akiwa nyuma ya bega langu. Hakufoka. Afadhali angefoka. "Si leo, Hadas. Nakuomba. Watoto ishirini. Juni ijayo nani atasimama pale mlangoni?"

Nikasema mimi.

Akaenda kwa karani wa kamati kuomba Mira aingie badala yangu. Nimemwona karani akitikisa kichwa: shahidi hujitoa mwenyewe, kwa kutia sahihi. Ronen anarudi na fomu ya kujitoa. Mira yuko nyuma yake, karatasi yangu ya zamani anayo, hanitazami.

Ameitwa wa nne.

Ronen ameiweka fomu juu ya daftari hili. Nimeisogeza pembeni. Ameirudisha, kidole kwenye mstari wa sahihi. Anajipapasa mifuko. Hana kalamu. Mira naye hana. Ananiomba hii yangu.

Nimemwambia asubiri, bado naandika