Zulia Jekundu kwa Wateja Wenye Mchanga

Mpendwa mshauri, naomba unishike mkono kabla sijajenga kituko,

Mimi ni msanifu majengo, na mama mkwe wangu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akikodisha mbao za kutelezea mawimbi chini ya turubai ufukweni, amenipa kazi ya kumchorea jengo la kudumu, nami nikachora vizuri tu, sakafu ya saruji yenye mteremko wa kutoa maji, mabomba ya kuogea nje, mlango mpana wa kupitisha ubao bila kumgonga mtu kichwa, akatazama akasema, "Mwanangu, hapa mapokezi tuweke zulia jekundu," nikasema ndiyo mama, maana mkwe utamkataliaje, baadaye akataka makochi ya mahameli, nikasema ndiyo mama, akataka mlango upunguzwe uwe mwembamba wa heshima, nikapunguza, na juzi ameomba kabati la vioo la vikombe katikati ya njia ya kwenda baharini, nikajisikia nikisema, "Wazo zuri, mama," mke wangu akanitazama kama hanijui. Jumatatu mafundi wanachimba msingi. Likijengwa hivi nitachekwa na kila mwenye macho, nikikataa nitakuwa nimemvunjia heshima mama wa mke wangu. Nifanye nini?

Mkwe Mtiifu

Mkwe Mtiifu,

Pole, najua ukweni hakukaliki kirahisi. Sasa kaa vizuri nikuseme. Mwanamke aliyeshinda miaka yote hiyo na wateja waliolowa chapachapa anataka zulia? Anayebeba mbao hizo kwapani kila asubuhi hajui mlango unatakiwa uwe na upana gani? Bwana wee, unapimwa. Mama anataka kujua binti yake ameolewa na mtu au na mjusi wa kutikisa kichwa, na kila ukiitikia anaongeza kitu kingine, maskini, akingoja useme neno. Hilo kabati la vikombe ni kilio cha mtu aliyekata tamaa. Mimi ningekuwa yeye ningeomba na kinanda.

Na usijifiche nyuma ya heshima. Heshima ni kumsalimia, kumpisha kiti, kutompandishia sauti. Kumjengea mama wa watu jengo ambalo wateja wake hawaingii na mbao zao ni woga, tena woga wa gharama.

Nenda kabla ya Jumatatu. Chukua mchoro wako wa kwanza, msalimie, kaa, kisha sema: "Hapana, mama, hili zulia litaoza." Usizunguke mbuyu na usimtume mke wako. Akinuna, vumilia. Ila nadhani atashusha pumzi aseme, "Afadhali."

Halafu jiandae. Akishajua unaweza kukataa, ataanza kukwambia anachokitaka kweli, na hapo ndipo utakapotoka jasho.