Imeshapata Mtu

Cleveland, 4 Machi 1991

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, isipokuwa mafua ya baridi hii isiyokwisha. Goti lako linasemaje? Najua hata daktari hujamwona.

Nimepata kazi ya mapokezi kwa Bwana Kucera, dalali wa nyumba, mzee mchangamfu wa huku upande wa magharibi. Jioni nasomea leseni ya udalali. Yeye ndiye atakayenidhamini, maana bila sahihi ya dalali mkuu hata chumba cha mtihani hukiingii. Wiki hii tumesoma sheria inayokataza kumnyima mtu nyumba kwa rangi, dini, ulemavu au kwa kuwa ana watoto. Mwalimu anasema hata kumpeleka mteja mtaa fulani kwa sababu ya rangi yake ni kosa. Nikakukumbuka wewe na mama.

Mwanao,
Renita

Akron, 11 Machi 1991

Binti yangu,

Barua imefika, mafua naona umeyaacha huko. Goti ni goti, achana nalo. Dada Ernestine wa kwaya anakusalimu na anauliza utaolewa tena lini.

Sasa niambie, huyo mzee ana wafanyakazi weusi wangapi? Wewe tu. Na amekuweka wapi? Mlangoni, kila anayeingia akuone. Usiseme nina kisirani. Mwaka ule mimi na mama yako tulivaa nguo za kanisani tukaenda kuulizia nyumba ya mtaa wa juu. Dalali akatupa kahawa, akatabasamu vizuri kuliko mchungaji, akasema, "Imeshapata mtu." Nyumba ile ilikaa tupu mpaka majani yakaota mlangoni. Sisi tukaishia hapa kando ya reli, ambapo treni ikipita vikombe vinacheza kabatini. Mama yako amekufa akivisikia.

Fanya hivi. Gari la bosi wako likitoka na wateja, angalia linakata kulia au kushoto. Halafu angalia waliomo.

Baba yako

Cleveland, 2 Aprili 1991

Baba,

Natumai hujambo. Nilikasirika, ndiyo maana nimekawia kujibu. Nilisema moyoni, huyu mzee anamshuku hata mleta maziwa.

Lakini jicho likishapewa kazi haliachi. Wazungu gari linakata kulia, kwenye mtaa wa Larchfield na bustani zake. Sisi linakata kushoto, ng'ambo ya daraja. Kila mara, baba. Nikamtania Bwana Kucera kidogo kuhusu hilo. Akacheka, akasema watu wanapenda kukaa na wenzao, nami nikiwa dalali nitaelewa. Kisha akanifundisha kwamba mtu "asiyefaa" akiulizia Larchfield, nimwambie imeshapata mtu.

Mtihani ni mwisho wa Mei. Nikinyamaza mpaka hapo, leseni nitakuwa nayo, na nitamuuzia yeyote nyumba yoyote. Nishauri haraka.

Mwanao,
Renita

Cleveland, 3 Mei 1991

Baba,

Goti sikuulizi, nimeliona jana likitembea vizuri kabisa.

Umenyamaza mwezi mzima. Halafu unaingia ofisini kwangu na suti uliyomzikia mama, unajiita Bwana Hargrove, unanisalimia kama hunijui. Nilikaribia kucheka. Ukaulizia nyumba ya Larchfield. Mlango wa Bwana Kucera ulikuwa wazi, na kalamu yake ilikuwa imeacha kuandika. Nami nikakujibu. Unajua nilivyokujibu. Ukavaa kofia ukaondoka.

Mchana wakaja mume na mke, wazungu, wenye kipato kilekile ulichonitajia wewe, na maswali yaleyale. Bwana Kucera akawapeleka Larchfield mwenyewe, tena anapiga mluzi. Mwalimu ametueleza kuhusu mashirika yanayotuma watu wawili wawili hivyo, ili kuwanasa madalali wabaguzi. Baba, ulikuwa unaniandikia, au ulikuwa unanichimba?

Renita

Akron, 8 Mei 1991

Binti yangu,

Natumai unakula. Nina aibu, lakini nitasema yote.

Nilijiunga na hao watu baada ya barua yako ya Aprili. Waliniuliza kama namjua mtu yeyote kwa Kucera. Nikasema hapana. Wangejua wewe ni nani kwangu, wasingenituma. Nilitaka nimnase yeye. Nilikuwa na hakika utasema nyumba ipo. Kutoka hapo nilikaa garini, nikashindwa kuliwasha.

Mama mmoja, msimamizi wa shirika, akaniuliza, ni nani hasa aliyekwambia imeshapata mtu? Nikasema sikumbuki. Sauti ya dalali yule wa zamani ninayo masikioni mpaka leo, lakini yako nimesema sikumbuki.

Fanya mtihani wako. Hakuna atakayejua.

Baba yako

Cleveland, 20 Mei 1991

Baba,

Mimi mzima, na usingizi umerudi.

Nimekwenda kwenye shirika. Nimewaambia ni mimi niliyesema, na kwamba wewe ni baba yangu. Yule mama aliwaka. Jaribio lako amelitupa lote, na wewe hawatakutuma popote tena. Alipopoa akaniuliza ninajua nini kingine. Nikamweleza magari, kulia na kushoto, na maneno niliyofundishwa, na aliyenifundisha. Hayo atayapeleka mbele, kwa jina langu.

Bwana Kucera amepata habari, akanifukuza Ijumaa na sahihi yake ameifuta. Mtihani utafanyika bila mimi. Nitatafuta dalali mwingine, ingawa huku wote wanajuana.

Nilikudanganya usoni, baba, kwa maneno yaleyale, na nilijua yanakufanya nini. Jumapili nakuja Akron. Nikibisha, ukitaka kusema nyumba imeshapata mtu, sema tu. Nitaelewa.

Mwanao, kama bado,
Renita

Akron, 22 Mei 1991

Binti yangu,

Goti zima, baridi imekwisha. Dada Ernestine analeta samaki.

Chumba chako kipo. Hakijawahi kupata mtu.

Baba yako