Muhuri wa Kuja Kwako

Shangazi yangu mpendwa,

Uliondoka wakati maombi yangu ya viza yakiwa bado mikononi mwa watu. Tangu tukuzike nimekuwa nikizungumza nawe kimoyomoyo kila nifikapo mahali ambapo ungesema neno. Leo nimeona niandike, maana maneno yako na yangu yameanza kuchanganyika kichwani, na ya kwako sitaki kuyapoteza.

Nianze na kahawa.

Hadithi hiyo ulinisimulia mara nyingi tukichambua maharage nyumbani kwako Nakonde, mimi mtoto wa Chapwa, Tunduma, niliyevuka mpaka kila Ijumaa kuja kulala kwako. Ulikuwa mwalimu kijana, binti wa kijiji cha Isansa, ulipopata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea ufundishaji wa watoto viziwi. Siku hizo Mtanzania hakulazimika kuomba viza kabla ya kupanda ndege. Ulibeba barua ya chuo, barua ya mchungaji, na mfuko wa kahawa ambayo babu aliikaanga mwenyewe. Nyumbani mlikunywa chai; kahawa ilikuwa ya kuuza, na babu hakuwa na uhakika hata inavyokaangwa. Aliiunguza kidogo. Lakini alisema mgeni haendi mikono mitupu.

Pale uwanja wa ndege ulikotua, afisa alisoma barua ya chuo, ya mchungaji akairudisha bila kuifungua, kisha akanusa mfuko. Akauliza nani kalima. Ukamwambia baba yako. Akauliza kama ukimaliza masomo utarudi kwenu.

"Nani atavuna?" ukamjibu.

Akagonga muhuri. Huo ndio uliokuwa mlango mzima wa nchi ile, Shangazi: mtu mmoja, swali moja, wino. Na wewe ulirudi kweli. Ulirudi ukaolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, ukaomba chumba nyuma ya kanisa, ukaanza kukusanya watoto ambao majirani waliwaita mabubu na kuwaficha jikoni. Mezani kwako tulikula kimya, lakini kimya chenye kelele, mikono ikibishana, ikichekana, ikiomba mboga. Mimi nilijifunza kuomba chumvi kwa vidole kabla sijajua kuandika neno chumvi. Sikujua kuwa hiyo ilikuwa elimu. Nilidhani kila nyumba ya shangazi iko hivyo.

Halafu akaja baba, mdogo wako. Ukimwuliza leo anacheka, lakini najua inapomchoma. Alipopata nafasi yake, miaka mingi baada yako, alinunua suti, akaenda Dar es Salaam na barua kama ya kwako, akiamini atapita ulipopita. Kumbe mlango ulikuwa umehamishwa. Sasa viza iliombwa huku huku kabla ya safari, na kulikuwa na mahojiano, na ushahidi wa fedha, na maswali ambayo hakuna aliyekuwa amemwandaa kuyajibu. Yeye aliwaambia tu kwamba dada yake alipita hivi hivi. Alirudi Tunduma na suti yake, akawa wakala wa forodha, na hadi leo anapitisha mizigo ya watu kwenda nchi za mbali. Suti anaivaa kwenye harusi.

Ulikuwa na msemo kuhusu hilo, na ulianza kuusema, nadhani, kwa ajili yake. Ulikuwa umefundisha Kamsamba kabla ya safari yako, ukaona mvua zinavyougeuza mto Momba. Ulisema, "Mto hauvukwi kwa kukumbuka kina cha kiangazi." Hukumlaumu baba wala hukuwalaumu Waingereza. Ulisema nchi ina haki ya kuuliza mgeni anataka nini, na mgeni ana wajibu wa kujua ni nini kinaulizwa mwaka huu.

Ndiyo maana ulipostaafu uliendelea kufuatilia. Hili ndilo linalonifanya nikuheshimu hata kuliko kule kusafiri kwenyewe. Mtu aliyekwisha kuvuka, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuvuka tena, alikuwa akisoma masharti mapya kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka, miwani puani, ili mwingine asirudi na suti yake. Kwako ndiko nilikojifunza kwamba mahojiano yalikuja kupunguzwa, ikaja hesabu ya alama; kwamba chuo chenyewe sasa ndicho kinachomdhamini mwanafunzi na kumpa namba; kwamba zimeingia alama za vidole na kipimo cha kifua kikuu. Kwamba ruhusa ya kubaki kufanya kazi baada ya masomo waliifunga, wakaifungua, na sasa wanaipunguza. Kwamba wanafunzi wengi hawaruhusiwi tena kwenda na mume wala mtoto. Lilipotoka hilo la mwisho uliniuliza kama nina mpango wa kuolewa karibuni. Nikasema sina. Ukasema, "Basi wahi, kabla hujapata akili."

Nilipopata ufadhili wa kusomea usikivu wa watoto, tulikaa mezani kwako na kompyuta yangu. Nilikuwa nimeandaa kila kitu. Nilijivuna, Shangazi. Mimi ni yule aliyesoma, nikasema moyoni, mimi sitavuka kwa kumbukumbu za mtu. Nikakukatalia hata kuyapitia maombi yangu, nikasema yako sawa.

Yalikuwa na swali moja jepesi. Je, katika miaka kumi iliyopita umesafiri kwenda nchi nyingine yoyote? Nikajibu hapana.

Sikudanganya. Nilitafuta akilini safari, nikaona ndege ambazo sijapanda na bahari ambazo sijaziona, nikajibu kwa unyofu wote kwamba sijawahi kutoka nje ya nchi. Kisha, kwenye maelezo yangu binafsi, nikaandika kwa fahari kwamba kwa miaka kadhaa nimesaidia darasa la watoto viziwi Nakonde, Zambia.

Jibu lilikuja: hapana. Maelezo yangu hayakuafikiana, na hawakuweza kuridhika na ukweli wangu. Aliyeyasoma hakukosea, alisoma nilichoandika. Niliisoma tena ile barua pepe. Nilijua kwamba anayehesabiwa kuwa mwongo anaweza kufungiwa mlango kwa miaka mingi, na kwamba chuo kingenisogezea nafasi kwa muhula mmoja tu, si zaidi. Ufadhili ungepita. Nikavuka kuja kwako, kwa uchochoro ule ule kati ya duka la unga na nyumba ya wageni, bila hata kuona kwamba navuka.

Ulikuwa umeanza kuugua, umejifunika blanketi mchana. Ulinipokea na "mwaiseni" yako, karibu ya wenyeji wa ng'ambo, ambayo ulimpa hata fundi wa bomba. Ulisoma lile jibu. Ulisoma mara ya pili. Kisha ukaanza kucheka, ukacheka hadi kikohozi kikakushika na mimi nikaogopa.

"Kwa hiyo umewaambia Waingereza hujawahi kuja kwangu?" ukasema ulipopata pumzi. "Na mimi naishi wapi, mwanangu? Kibarazani kwa baba yako?"

Nilitaka kulia nikajikuta nacheka. Ukaniambia ni mtu wa Tunduma tu anayeweza kukosea hivyo. Mtu wa Dodoma angekumbuka safari yake moja ya nje hadi rangi ya kiti alichokalia. Sisi tunatoka kununua vitunguu nchi moja na kurudi kuvikaangia nyingine, ndugu zetu wa Kinamwanga wako pande zote, msiba wa huku unapikiwa na wa kule. Mpaka kwetu ni kitu cha malori.

Nilipoanza kuandika maombi mapya nilijaza ukurasa kwa kuomba radhi. Uliufuta karibu wote. Ulisema nisijidhalilishe na nisipambe, nieleze tu. "Waeleze mpaka," ukasema. "Wao wamezungukwa na bahari. Hawajui mpaka wa ukuta kwa ukuta."

Kwa hiyo niliwaeleza. Niliandika kwamba nimevuka kwenda Zambia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, tangu utotoni, kwa miguu. Kwamba shangazi yangu anaishi huko. Kwamba sikuwahi kuiita safari, na kwamba kosa ni langu. Nikaambatanisha barua ya kanisa kuhusu lile darasa. Ni maelezo mafupi kuliko yote niliyowahi kuandika, na ndiyo pekee ninayoweza kuyasoma bila kuona haya.

Siku zako za mwisho sauti ilikuwa imekwenda. Baba alikuwa anateseka, hajui mkono wako unasema nini, ananigeukia mimi. Nilikwambia kwamba nimeshatuma, na kwamba naogopa watakataa tena. Ukaniangalia kwa yale macho ya mwalimu aliyechoka na mwanafunzi mzuri. Ukainua kidole ukaandika nacho kwenye kiganja. Kisha ukakizungusha hewani, mara moja. Baba akauliza umesema nini.

"Amesema wakikataa niandike tena," nikamjibu. Nami nikakuahidi kwa mkono, ili uone.

Sikulazimika, Shangazi. Wamekubali.

Jibu limekuja juzi asubuhi nikiwa napepeta mchele. Siku hizi viza haibandikwi kwenye pasipoti. Inakaa mtandaoni, unaifungua kwa namba zako. Baba aliomba kuiona, nikampa simu. Aliisoma, akaigeuza simu akatazama mgongoni, akauliza sasa hii mtu anaishikaje. Halafu akaenda chumbani, akatoka na ile suti mkononi, akaitundika dirishani ipate upepo. Atanisindikiza nayo hadi uwanja wa ndege wa Songwe. Imembana tumboni, lakini sijamwambia, na wewe nakuomba usimwambie.

Nilifikiri nitafurahi kwa kelele. Badala yake nilikaa nikiona kitu kimoja tu: kwamba habari hii ina mtu wake, na mtu huyo yuko ng'ambo, kwenye kile kiwanja cha makaburi nyuma ya kanisa lako. Na kwamba mimi, niliyewaandikia watu wa mbali kwamba kwa shangazi yangu ni nchi nyingine, nilikuwa naelekea tena kwenye uchochoro.

Basi nikageuka. Jana nimekuja kwako kwa njia ndefu. Nimepanga foleni kwenye kituo cha mpakani, katikati ya madereva wa malori na kina mama wa biashara, na pasipoti mpya isiyo na doa. Dada wa dirishani alinitazama, akaniuliza kama si mimi ninayepitaga na ndoo ya maandazi kupeleka kwa wale watoto. Nikasema ni mimi. Akasema wenzangu wa hapa hapa hupita na karatasi tu ya wakazi wa mpakani, kwa nini nachafua pasipoti. Nikamwambia nataka ichafuke. Akauliza madhumuni ya safari. Nikasema kumtembelea shangazi. Akauliza narudi lini.

Hapo ndipo nilipotaka kumjibu kwa maneno yako, nani atavuna. Nilisema tu jioni. Darasani kwako watoto walikuwa wananisubiri, na mdogo kuliko wote alikuwa ameshaniuliza kwa vidole ni lini nitarudi kutoka kule kwenye baridi. Yeye nilimjibu. Nilimwonyesha ishara ya kuvuna.

Dada wa dirishani akagonga. Nilikuja hadi kaburini nikiwa nimeufungua ukurasa, wino ukauke. Kesho kutwa nitapita kwenye milango ambayo haiachi alama, ya kioo na kamera, na watu wa kule wataifungua pasipoti hii na kukuta muhuri huu. Hawatajua ni wa kwenda umbali gani. Ni wa kuja kwako.

Pumzika, mama yangu. Kahawa ya Isansa nimeifunga kwenye sanduku. Safari hii nimeikaanga mimi, na nimeiunguza kidogo.

Wako daima,
Mtoto wa mdogo wako,
Chapwa, Tunduma