Siku Uliyojifanya Mtumishi Nyumbani Kwako

Mama yangu mpendwa,

Ile nyumba ya mzee Mgiriki aliyekuwa akioka mikate imepata wenyeji wapya, bwana na bibi kutoka China, wenye shughuli zao kwenye migodi ya Kakanda. Juzi bibi aliniletea sahani ya chakula chao, nami nikampelekea sombe niliyotwanga kwa majani ya mihogo. Mchungaji wa ng'ambo ya barabara bado anatuombea sote kwa sauti kubwa, tupende tusipende. Jakaranda zimechanua. Nimeanza na haya kwa sababu ndiyo uliyokuwa ukiniuliza kila nilipokupigia simu ulipolazwa hospitalini Lubumbashi: "Ku avenyu beko bazuri bote?" Wazima wote, Mama. Lakini siyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja Baba alipopandishwa cheo, kampuni ya madini ikatupa nyumba hii. Kule mtaani Kikula tulikuwa na vyumba viwili. Hapa kulikuwa na baraza pana, sakafu ya mbao na mahali pa kuwashia moto ukutani. Nilikimbia chumba hadi chumba nikipiga kelele. Wewe ulibaki langoni.

"Mama, ingia!"

"Naingia," ulisema, bila kusogea. "Baba yangu alikuwa anakata majani hapa, majani ya bazungu. Jua ikishuka, anatoka. Muntu mweusi hakuwa analala mu hii avenyu."

Kisha ulifuta vumbi miguuni kwa ncha ya kitenge, ukaingia kwa mlango wa mbele.

Wiki ya pili uling'oa nusu ya mawaridi tuliyoyakuta, ukapanda mboga, matembele na lengalenga. Majirani wetu walikuwa Wahindi, Wagiriki, Wabelgiji waliobaki, na wakubwa wa kampuni kutoka kila pembe ya nchi. Wake zao walitoka na magari. Wewe ulikuwa bustanini tangu asubuhi, miguu peku, jembe mkononi, kama mashambani kwenu Kapolowe. Mimi nilikuonea haya. Nalisema leo, maana sikulisema ulipokuwa hai.

Unaikumbuka Jumamosi ile. Nafisa, binti wa Mhindi mwenye duka la dawa, alikuja kunitembelea kwa mara ya kwanza pamoja na wenzake wawili wa darasani kwetu. Nilikuwa nimeomba wiki nzima waje. Tulipofika barazani Nafisa akakuona.

"Yule mama ni nani?"

Nikajibu kabla sijafikiri. "Ni mutumishi yetu. Mama iko ku mujini."

Ulikuwa karibu, hatua kumi hivi. Ulisimamisha jembe. Nilitazama chini nikingoja uniite jina langu lote, kama ulivyofanya ulipokasirika. Nilisikia bomba likifunguliwa, ukanawa mikono. Ukaja.

"Mukaribie, batoto," ulisema. "Madamu atarudia ku nyumba saa hii. Nibaletee Fanta?"

Ulizileta kwenye sinia la wageni, ukampa kila mmoja kwa mikono miwili, mimi wa mwisho. Hukunitazama. Kisha ukatoka kwa mlango wa nyuma.

Jioni ulisonga bukari ya mahindi kama kawaida, ukaniwekea kichwa cha samaki nilichokipenda. Siku zikapita, miaka ikapita. Ikaja ile miaka ambayo kampuni haikulipa mtu, magari yakasimama kwenye matofali uani, na wake wa wakubwa wakaja langoni kwetu na vikapu. Uliwachumia matembele wote, ukiwauliza habari za watoto wao kwa majina. Nilikuwa msichana mkubwa sasa, nikikusaidia kufunga mafungu, na kila mara nilitaka kukuomba msamaha. Nilijiambia, kesho. Hata kule hospitalini nilianza: "Mama, siku ile na Nafisa..." Ukaomba maji. Nilikupa maji, na ujasiri ukanitoka.

Nafisa alikuja kwenye kilio chako. Nywele zake zina mvi sasa. Aliketi kwenye mkeka pamoja nasi tangu asubuhi, na saa za mchana akanishika mkono.

"Mama yangu aliniambia nikae kimya, nimekaa miaka yote," alisema. "Leo nitasema. Jumapili, kesho yake, mama yako alikuja kwetu na fungu la matembele. Alimwambia mama yangu, 'Mutoto wangu alisema neno jana. Batoto benu basimucheke. Ni mugeni hapa, anaogopa. Akili itakuya.'"

Nilimsogelea, naye akaendelea.

"Mama yangu akamuuliza, 'Na weye, haikukuuma?'"

"Akasema nini?"

"Alisema, 'Iliniuma sana. Lakini ni mutoto wangu. Nitamutupa wapi?'"

Mama, tangu ufe nilikuwa sijalia. Nilipokea wageni, nikapanga viti, nikaagiza chakula. Pale nililia mpaka dada yako akaja mbio kutoka jikoni. Nikamweleza. Kisha nikasimama mbele ya watu wote, Wakatanga na Wakasai, Mchina na Mhindi, wale waliokula mboga zako na wale waliokujua kwa salamu tu, nikasimulia nilichofanya. Mchungaji mwenyewe hakusema amina. Dada yako ndiye aliyeanza: "Uyu Mama!" akasema, akacheka huku machozi yakimtiririka, na watu wakacheka naye, mimi pia.

Sijui kama wafu wanasoma. Nimeandika hata hivyo, kwa sababu msamaha ulionipa siku ya pili tu niliutafuta miaka mingi, nikidhani bado sijaupata. Sasa nimeupokea. Wiki ijayo Nafisa na mimi tunakwenda Kapolowe, anataka kuona ulikozaliwa. Nitamwonyesha kwa mkono wangu, na yeyote atakayeniuliza njiani mimi ni nani, nitamwambia mimi ni wa nani.

Pumzika, Mama. Mikono yako imefanya kazi ya kutosha.

Ni mimi, mutoto wako