Chebet Alinipita na Kibuyu

Jumapili, wageni wameenda

Na hata sina haki ya kukasirika. Jerop, dada ya mume wangu, ndiye aliyelala na binti yangu Chebet wodini Eldoret wiki saba, homa ya uti wa mgongo ilipotaka kumchukua. Mimi nilikuwa na mtoto mchanga, na wachanga hawaruhusiwi huko. Najua.

Lakini leo, kwa maombi ya shukrani hapa nyumbani Ainabkoi, Chebet alionjeshwa kwanza kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kama mkimbiaji aliyerudi na medali. Kisha babu yake akamwambia, "Sasa mpelekee aliyekushika mkono ukiwa mgonjwa."

Nikasimama. Hata mikono nilinyoosha.

Akatembea polepole, miguu bado haina nguvu, akanipita, akampa shangazi yake kibuyu. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nikapiga, mikono ilikuwa tayari juu.

Jerop akaonja, akaniletea. "Kunywa, Mama Chebet. Huyu ni wako."

Nikamwambia nimeshiba.

Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu asubuhi. Na mtoto wangu alikuwa anatembea tena, na mimi sikumwona akitembea. Niliona tu anakoenda.