Ndoo Iliyopanga Foleni Peke Yake

Mwangaluka, Mama Kabula,

Niko Kahama kwa mdogo wako Nyanzobe, na wivu umenijaa. Jana alfajiri nilibeba ndoo hadi kioski cha maji, nikaiweka chini kushika nafasi kama tufanyavyo kwetu Tinde, nikarudi kunywa chai. Niliporejea, ndoo ilikuwa peke yake. Jirani mmoja, mama wa makamo, alikuwa anaitazama.

"Shikamoo, babu. Hii ndoo inamsubiri nani?"

"Marahaba. Imepanga foleni."

"Na nani?"

Alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akanielekeza. Unagusisha kadi kwenye mashine, maji yanatoka, unajaza na kuondoka. Bomba likipasuka, mita zinatuma taarifa ofisini, na fundi anajua pa kuchimba kabla hujaenda kulalamika. Mimi niliyefundisha sayansi maisha yangu yote nilisimama pale nikielezwa kama mwanafunzi, na nikawaonea wivu hata watoto wao. Lakini kilichoniuma zaidi ni Nyanzobe. Yeye huchota maji jua likiwa limepanda, na wewe dada yake unaamka gizani kila siku.

Nimemwomba fundi mmoja wa maji wa hapa aje Tinde azungumze na kamati yenu ya maji, naye amekubali tuje pamoja Jumamosi. Tafadhali itisha kikao. Nimeahidi kukaa kimya ili aeleze yeye. Ukiona nimeinua mkono, nikanyage mguu.

Nimekukumbuka mno,
Baba Kabula